Sura ya Tano: Miaka miwili ndani ya ndoa na mimba haiji. Tuanzie wapi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi anayeliuliza ni mwanamke aliyekuja peke yake. Mkononi ana mfuko wa plastiki wenye karatasi za miaka: ekografi kutoka vituo vitatu, matokeo ya maabara yaliyoandikwa "enfeksio", ordonansi za dawa, nyingine alizinunua mara mbili. Anasema, "Dokta, dawa zote nimekunywa. Shida yangu ni nini?" Karatasi zote zina jina lake. Ya mume haimo hata moja.

Mfuko kama huo unaweza kuukuta Keshero, Himbi, Ndosho, popote Goma, na kwa sababu yake sura hii imeandikwa. Mimba hutafutwa na watu wawili, kwa hiyo uchunguzi nao uanze na watu wawili, wiki ileile, kabla ya dawa yoyote kunywewa. Kila mwaka unaopita bila kufanya hivyo ni mwaka ambao umri wa mke unaenda mbele na fedha za nyumba zinaisha.

Kivu ni nchi ya watoto wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba nchini Kongo mwanamke huzaa kwa wastani watoto 6.6. Mahari yakishatolewa, mashangazi huanza kuhesabu miezi. Mwanamke ambaye mtaa mzima bado unamwita kwa jina lake la usichana, huku wenzake wakiitwa Mama Furaha na Mama Amani, hahitaji kukumbushwa anachokosa. Lakini hayuko peke yake kama anavyodhani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo hili wakati fulani maishani mwake, katika nchi tajiri na katika nchi maskini karibu sawasawa. Tofauti iko kwenye matibabu: nani anayapata, na kwa bei gani.

Je, tumechelewa kweli, au bado ni mapema?

Madaktari husema kuna ugumba pale bibi na bwana wanapokutana mara kwa mara kwa miezi 12, bila kinga wala dawa za kupanga uzazi, na mimba isishike. Ukiwa hujawahi kushika mimba kabisa, huo ni ugumba wa kwanza. Kama ulishawahi kushika mimba, hata ikatoka, na sasa haiji tena, huo ni ugumba wa pili. Huu wa pili huwashangaza wengi. "Nilizaa mtoto wa kwanza vizuri, itakuwaje leo nishindwe?" Inawezekana, na baadaye tutaona njia zake.

Kwa nini miezi 12? Kwa sababu hata vijana wenye afya kamili hawashiki mimba kila wanapotaka. Katika mwezi mmoja nafasi yao ni kama 1 kati ya 4 au 5. Mwaka ukiisha, kama 85 kati ya kila 100 huwa wameshapata. Mama mkwe anayeuliza mwezi wa tatu anauliza mapema mno, na ni haki ya bibi arusi kumwambia hivyo kwa heshima.

Neno "mara kwa mara" lina uzito wake. Yai la mwanamke hutoka mara moja katika mzunguko, kama siku 14 kabla ya damu ya mwezi unaofuata, na huishi chini ya siku nzima. Mbegu za mwanaume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo siku zenye nafasi ni kama 6 tu: ile ambayo yai linatoka na 5 zinazoitangulia. Sasa mfikirie mume anayefanya kazi kwenye machimbo ya Rubaya au Walikale, anayerudi Keshero kila baada ya miezi miwili kwa siku nne. Ndoa ina miaka miwili, lakini siku ambazo mimba ingeweza kushika zinaweza kuwa zimekutana na safari zake mara chache tu. Hao hawajafikisha hata mwaka mmoja wa kujaribu. Dawa yao ya kwanza ni kalenda. Mke ahesabu mzunguko wake kwa miezi mitatu, mume apange safari zake kwa kuifuata, na wakutane kila baada ya siku moja au mbili katika wiki yenye siku hizo 6.

Wengine hawatakiwi kungoja mwaka:

– mke aliyefikisha miaka 35, ambaye angojee miezi 6 tu, na aliyefikisha 40, ambaye aende mara moja;
– mke ambaye damu ya mwezi haionekani kwa miezi, au inakuja kwa maumivu makali yanayomlaza;
– yeyote aliyewahi kuugua maambukizi makali ya tumbo la chini, kupasuliwa tumbo, au kupata mimba nje ya kizazi;
– mwanaume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni, au zilivimba wakati wa matumbwitumbwi akiwa kijana mkubwa.

Bwana naye apimwe, na apimwe mapema

Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanaume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote. Hakuna sindano, hakuna kulala hospitalini, hakuna mashine ndani ya mwili. Kinaitwa spermogramu: shahawa huwekwa chini ya hadubini, mbegu zikahesabiwa na mwendo wao ukaangaliwa. Kumpitisha mke kwenye vipimo vyenye maumivu kabla ya kufanya hiki ni kumwonea, hata kama hakuna aliyekusudia.

Ili matokeo yawe ya kweli, mwanaume akae bila kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7. Siku pungufu ya hapo hupunguza idadi. Nyingi zaidi hudhoofisha mwendo. Shahawa hutolewa kwa mkono kwenye kikopo safi kinachotolewa na maabara. Kondomu za kawaida hazifai, maana zina mafuta yanayoua mbegu. Vizuri zaidi zitolewe palepale kwenye chumba cha faragha. Ikishindikana, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa kimefichwa ndani ya koti karibu na ngozi, kwa sababu baridi nayo inaharibu. Kutoka Keshero hadi katikati ya mji kwa taksi moto saa hiyo inatosha, ila usipitie sokoni.

Vipimo vya chini vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni hivi: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, na 42 kati ya kila 100 ziwe zinacheza. Anayekosa kiwango hicho kidogo bado anaweza kuzalisha. Safari yake tu ni ndefu zaidi. Na karatasi moja mbaya haitoshi kumhukumu mtu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye karatasi ya leo. Kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi mitatu.

Wanaume wengi hukataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuchanganya nguvu za kitandani na uzazi. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote, shahawa ikatoka nyingi, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Sababu ya pili ni mtoto aliyezaliwa zamani, labda nje ya ndoa. Mtoto huyo anathibitisha hali ya mwaka ule alipotungwa. Baada ya hapo mwanaume anaweza kuwa alipata kisonono kilichoziba njia za mbegu, au mishipa ya damu juu ya korodani ilivimba taratibu (madaktari huita varikosele), au alianza kunywa pombe kali kila siku. Wapo pia vijana wanaojidunga testosteroni, homoni ya kiume, ili wajenge misuli. Homoni hiyo ikiingia kutoka nje, korodani huacha kutengeneza mbegu. Anayeiacha hupona mara nyingi, lakini inachukua miezi.

Njia nzuri ya kumleta mume asiyetaka kuja ni kumtafuta mwanaume anayemheshimu: kaka mkubwa, mchungaji, au baba mdogo wake. Mke akimwambia peke yake, mara nyingi huwa ugomvi. Na daktari anayekubali kumtibu mke miaka mitatu bila kumwita mume naye anahitaji kuulizwa swali.

*Kwa ufupi: spermogramu kwanza au sambamba na vipimo vya mke. Ikiwa mbaya, irudiwe baada ya miezi mitatu kabla ya kukata tamaa.*

Kwa mke, maswali matatu

Mtu akiingia kwa jinekologu, yaani daktari wa magonjwa ya akina mama, vipimo vinaweza kuonekana kama msitu. Kwa kweli vyote vinajibu maswali matatu: yai linatoka? Mirija iko wazi? Kizazi kina nafasi?

Swali la kwanza mara nyingi linajibiwa na mzunguko wenyewe. Mwanamke anayeona mwezi kila baada ya siku 25 hadi 35, bila kuruka, karibu hakika anatoa yai. Ukitaka uhakika, damu hupimwa homoni iitwayo projesteroni siku 7 kabla ya mwezi unaotarajiwa. Pale mwezi unaporuka ovyo, sababu inayoongoza ni ovari zenye vifuko vingi: mayai yapo, ila yanakwama kabla ya kukomaa. Dalili zake ni mwezi wa kuruka, chunusi, nywele kidevuni, na mara nyingi uzito unaoongezeka. Hali hii inawagusa kama wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 duniani, na wengi wao hawajawahi kuambiwa. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa nayo huvuruga mzunguko, na hupimwa kwa damu.

Swali la tatu hujibiwa kwa ekografi. Inaonyesha miyoma, yaani uvimbe wa nyama kwenye kizazi usio saratani. Wengi wakisikia jina hilo hudhani wamepata jibu. Miyoma iliyo nje ya kizazi au ndani ya ukuta wake mara nyingi haizuii mimba. Inayosumbua zaidi ni ile inayoingia kwenye chumba ambamo mtoto hukaa. Kabla ya kukubali kupasuliwa, muulize daktari: iko wapi hasa?

Lakini swali la pili, la mirija, ndilo kubwa katika eneo letu, na ndilo linalorukwa. Ekografi ya kawaida haionyeshi kama mirija iko wazi. Narudia, kwa sababu wanawake wengi wana ekografi tano na wanaamini mirija yao imeshaangaliwa. Kipimo chake ni picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ya rangi ikipitishwa taratibu kwenye mlango wa kizazi. Jina lake la kitabibu ni refu, histerosalpingografi. Hospitalini wengi husema HSG. Hufanywa siku chache baada ya mwezi kukauka na kabla yai halijatoka. Inauma kama maumivu makali ya mwezi kwa dakika chache, na kidonge cha maumivu saa moja kabla husaidia. Rangi ikimwagika pande zote mbili, mirija iko wazi. Ikisimama, kuna kizuizi.

Mirija huzibwa na nini?

Miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lililinganisha ndoa zenye ugumba katika nchi 25. Wanawake wa Afrika kusini ya Sahara walionekana na mirija iliyoharibiwa na maambukizi mara nyingi kuliko wenzao wa mabara mengine. Vijidudu vikuu ni viwili, kisonono na klamidia, na klamidia ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu wanawake wengi wanaoibeba hawasikii chochote: hakuna harufu, hakuna homa, hakuna maumivu. Inapanda polepole kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, na mwili unapopigana nayo unaacha makovu.

Wagoma wataelewa makovu hayo kuliko watu wengine. Lava ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilipoa zamani, hakuna moto tena ndani yake, lakini jiwe lilibaki barabarani na hakuna maji yanayoliondoa. Antibiotiki huzima moto. Kovu likishakaa kwenye mrija, hata ukinywa antibiotiki miaka kumi halitoki.

Maambukizi pia huja baada ya kuzaa katika mazingira yasiyo safi, kondo la nyuma likibaki ndani, au baada ya mimba kutolewa kwa siri. Hapo ndipo ugumba wa pili unapotokea mara nyingi. Kifua kikuu nacho, ugonjwa ambao tunaufahamu kwa kikohozi, kinaweza kukaa kwenye mirija na kizazi bila mtu kukohoa hata mara moja. Mwanamke ambaye nyumbani kwao kulikuwa na mgonjwa wa kifua kikuu amwambie daktari, hata kama ni miaka mingi.

Na katika Kivu ya Kaskazini hatuwezi kupita bila kutaja ubakaji. Vita vya miaka thelathini vimeacha wanawake wenye majeraha na maambukizi ambayo hayakutibiwa kwa wakati, kwa sababu njia zilifungwa au kwa sababu aibu ilizidi. HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa Goma mwaka 2000 na Daktari Kasereka Lusi na mkewe Lyn, na Panzi ya Daktari Denis Mukwege kule Bukavu, zimewahudumia kwa miaka mingi. Anayefika hospitalini ndani ya saa 72 hupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, antibiotiki dhidi ya kisonono, klamidia na kaswende, na dawa ya kuzuia mimba isiyotakiwa. Antibiotiki hizo hulinda pia mirija yake ya kesho. Aliyechelewa naye aende, hata baada ya wiki. Wala ugumba unaofuata si adhabu yake. Asikubali mtu yeyote, ndani ya familia au kanisani, amwambie hivyo.

Kongo ilishawahi kupewa somo hili kwa ukubwa wa kutisha. Uchunguzi wa wakazi wa 1955–1957, wakati wa Wabelgiji, ulikuta sehemu za kaskazini, kama Tshuapa na Uele ya Chini, ambako zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne waliomaliza umri wa kuzaa hakuwa amepata mtoto hata mmoja. Vijiji vilikuwa karibu kimya. Wakati huohuo Kivu ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye watoto wengi kabisa. Watu walitaja laana, uchovu wa kabila, hata hasira ya wahenga. Mtaalamu wa idadi ya watu Anatole Romaniuk, aliyezichambua takwimu hizo, alielekeza kidole kwa magonjwa ya zinaa, ambayo yalikuwa yamesambaa wakati ukoloni ulipowahamisha watu kwa nguvu na kuvunja miji yao. Penisilini ilipofika vijijini, wasichana wa kizazi kilichofuata walianza kuzaa. Damu yao ilikuwa ileile ya mama zao. Kilichobadilika ni kwamba maambukizi yalitibiwa kabla ya kuacha kovu.

Miaka inayopotea

Kinachopoteza miaka mingi zaidi ni mzunguko wa "enfeksio". Mke anaenda kituoni, anapimwa ute wa ukeni, anaambiwa ana enfeksio, anadungwa sindano siku tano. Baada ya miezi mitatu anarudi, anaambiwa enfeksio imerudi. Ukeni kuna vijidudu vingi vya kawaida visivyo na madhara, na karatasi yenye jina la kijidudu si lazima iwe ugonjwa. Kama ugonjwa upo kweli na mume hakutibiwa siku zilezile, ataurudisha usiku wa kwanza. Ukishatibiwa mara moja pamoja na mume, na mimba bado haiji, dai HSG. Usikubali raundi ya tatu ya sindano.

Aina ya damu haizuii mimba. Bibi na bwana wenye makundi tofauti, hata mmoja akiwa resusi hasi, hushika mimba kama wengine. Resusi huangaliwa mimba ikishaingia, ili kumlinda mtoto. Vivyo hivyo vipimo vya damu vinavyoombwa kabla ya ndoa havisemi chochote kuhusu uwezo wa kuzaa.

Dawa za mizizi za kuingiza ukeni ni hatari ya wazi: huunguza, na zinaweza kufungulia vijidudu njia ya kupanda juu. Aliye nazo aziache leo.

Maombi ni jambo jingine, na siandiki hapa kumvunja mtu imani. Mwanamke anayefunga siku tatu katika chumba cha maombi anaweza kupata faraja ambayo hospitali haina. Tatizo linaanza pale anapoambiwa kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, au anapotakiwa kumtaja shangazi aliyemfunga kizazi. Familia ngapi zimevunjika kwa jina lililotajwa namna hiyo, na mirija ilikuwa imezibwa na klamidia? Hospitali kadhaa kubwa za mji huu ni za makanisa yenyewe: CBCA wana hospitali Ndosho na Virunga, CEPAC wana ya kwao hapahapa Keshero. Anayetoka kanisani kwenda kupimwa hatoki nje ya nyumba ya Mungu.

Matibabu yanafuata sababu

Kama yai halitoki, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vya letrozoli au klomifeni, vinavyonywewa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, huamsha ovari. Letrozoli ilitengenezwa kwa saratani ya matiti, kwa hiyo usishtuke ukisoma karatasi yake. Leo ndiyo chaguo la kwanza kwa ovari zenye vifuko vingi. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua hata kilo 5 kati ya 100 kunaweza kurudisha mwezi wake peke yake. Lakini vidonge hivi visinunuliwe duka la dawa bila daktari. Vinaweza kuleta mapacha watatu, au ovari zikavimba kwa hatari. Na mwenye mirija iliyozibwa, au mume asiye na mbegu, atavimeza bure.

Mbegu zikiwa pungufu kidogo, daktari anaweza kuzisafisha na kuziingiza moja kwa moja kwenye kizazi siku yai linapotoka. Varikosele kubwa hupasuliwa, na mbegu huangaliwa tena baada ya miezi mitatu hadi sita.

Mirija ndiyo migumu. Kizuizi kidogo, hasa makovu yanayoushika mrija kwa nje, kinaweza kufunguliwa kwa laparoskopi, upasuaji wa matundu madogo unaotumia kamera. Mrija uliovimba na kujaa maji haurudi kuwa mzima. Na aliyefunguliwa mirija ajue dalili moja: mwezi ukichelewa na tumbo likauma upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo. Mimba inaweza kuwa imekaa ndani ya mrija, na ikipasua inaua.

*Kwa ufupi: yai lisilotoka lina vidonge, mbegu chache zina njia kadhaa, mirija iliyoharibika sana ina njia moja, nayo iko mbali na Goma.*

FIV, na kuvuka mpaka

Njia hiyo ni FIV: mayai hutolewa kwenye ovari kwa sindano ndefu, yakakutanishwa na mbegu maabara, na kiinitete, yaani mimba ya siku 3 hadi 5, kikawekwa kizazini. Mirija haihitajiki tena. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004, katika hospitali ya Daktari Edward Tamale Sali mtaa wa Bukoto, Kampala. Kenya ilifuata mwaka 2006, Nairobi. Kwa wanaume wenye mbegu chache sana, madaktari wa Brussels waligundua namna ya kuidunga mbegu moja ndani ya yai, na watoto wa kwanza wakazaliwa mwaka 1992.

Gharama yake ni maelfu ya dola, na hakuna ahadi. Kwa mke aliye chini ya miaka 35, katika kliniki nzuri, kila jaribio huzaa mtoto kwa kama mmoja kati ya watatu. Akiwa na zaidi ya 42, chini ya mmoja kati ya kumi. Tangu mabenki ya Goma yafungwe mwishoni mwa Januari 2025, hata kuzikusanya fedha zenyewe kumekuwa mtihani. Kuuza shamba lote la ukoo kwa jaribio moja ni uamuzi ambao bibi na bwana wafanye wakiwa wamekaa wawili, bila mkutano wa familia.

Wengine watachagua kuishia hapo. Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu ya zamani, lakini mtoto huyo hana haki za mtoto wa nyumba mpaka karatasi zipite mahakama ya watoto. Fanyeni karatasi hizo mapema, wazee wangali hai na wanakubaliana, kwa sababu siku ya msiba watu hubadilika. Na mke asiye na mtoto ajue kwamba sheria ya familia ya Kongo haimruhusu mume kufunga ndoa ya pili juu yake kwa sababu hiyo.

Wanaoamua kusafiri wachukue kila kitu: picha zenyewe za HSG na si maelezo yake tu, spermogramu zote, orodha ya dawa zilizotumika pamoja na tarehe zake. Kabla ya kulipa, waulize kwa simu:

– kwa wanawake wa umri wangu, katika kila majaribio 10 mmepata watoto wangapi waliozaliwa hai, mbali na mimba zilizoonekana tu?
– bei mliyotaja inajumuisha sindano za homoni, au hizo ni juu?
– nitakaa siku ngapi, na mume anatakiwa siku zipi hasa?
– viinitete vikibaki, mnavihifadhi kwa bei gani kwa mwaka?
– kama mrija umejaa maji, mtautoa kwanza? (Maji hayo yakirudi kizazini hupunguza sana nafasi ya kiinitete kushika.)

Na kama spermogramu ya mume ina zaidi ya miezi sita, irudiwe Goma kabla ya safari, ili kama kuna jambo limebadilika mlijue mkiwa bado nyumbani, na fedha zikiwa bado mkononi.